Daktari wa kumfuatilia mama karibu na nyumbani

Dada, umeuliza umpeleke mama kwa daktari gani, maana amehamia kwako Mbagala na ana presha na sukari. Usianzie Muhimbili. Ile ni Hospitali ya Taifa, ya rufaa. Mama anahitaji mtu wa karibu anayeijua historia yake. Tafuta kituo cha afya kinachopokea bima yake, chenye kliniki ya presha na sukari, kisha uulize kama atamwona daktari yuleyule kila akirudi. Hilo ndilo kubwa. Mama yangu alipita kwa madaktari watatu, kila mmoja akaongeza dawa bila kuuliza za mwenzake, hadi akawa anashikwa na kizunguzungu akisimama.

Siku ya kwanza beba dawa zake zote kwenye mfuko, uone kama daktari atazisoma. Anamuuliza mama mwenyewe, au anaongea na wewe tu? Miguu anaikagua? Kwa mgonjwa wa sukari hilo si la kuruka. Ukitilia shaka sifa zake, ulizia usajili wake Baraza la Madaktari Tanganyika. Na mama akisema hasikilizwi, mbadilishieni daktari, msione aibu.