Kabla Hujanunua Turbo Kubwa, Kumbuka Unaendesha Malindi

Wiki hii kijana mmoja wa Watamu ameniandikia: "Dada, nimepata 20G safi, bei ya kutupa, niifunge kwa Forester yangu. Ninunue?" 20G ni turbo kubwa, na turbo ni ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili iisukumie injini hewa zaidi. Nikamjibu hapana, akanuna. Basi nieleze kwa urefu, maana hayuko peke yake. Nyote mnaosoma hapa mnataka nguvu farasi 300 na mlio wa kuamsha mtaa.

Yangu nayo ni Subaru Forester, toleo la SG5 XT, injini yake ni EJ205 ya lita 2. Ilitoka kiwandani Japani na nguvu farasi 220 na turbo ndogo ya Mitsubishi, TD04. Raha yake ni kwamba ukikanyaga tu imeamka. Ila injini ikipita mizunguko 5,500 hivi kwa dakika pumzi zinaiishia, geji ya busti (shinikizo la hewa inayosukumwa na turbo) inaanza kushuka na wewe bado wataka kuvuta. Nilipochoka na hali hiyo nikaenda Mombasa, gereji yenye sifa, nikiwa na ndugu yangu. Fundi akaongea naye muda wote, mimi nimesimama na funguo mkononi. "Mwambie dada yako achukue 20G. Hizi ndogo ni za kupelekea watoto shule." Ndugu yangu mwenyewe hajui oili hutiliwa wapi! Walicheka, na sitawaficha, mpaka leo inaniuma. Sikununua kitu. Nilirudi nyumbani na hasira zangu nikakaa na hesabu.

Kwa petroli, kila ratili ya hewa inayoingia kwa dakika hukupa nguvu farasi 10 hivi. Ukitaka 270, tafuta turbo inayopumua ratili 27 bila kujitesa, na ramani ya kompresa (mchoro wa uwezo wa ile sehemu ya turbo inayokamua hewa) itakuonyesha ipi. TD05-16G, turbo ya ukubwa wa kati, inafika hapo na akiba inabaki. 20G inapita mbali, lakini kwa lita 2 haijai mapema. Unafika mizunguko 4,000 bado unaingoja, na tuktuk wa Lamu Road ameshakupita.

Sasa sikilizeni jambo ambalo yule fundi hakulitaja. Ushauri mwingi tunaopokea unatoka Nairobi, na Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Kule hewa ina kanieneo ya kilopaskali 83 hivi. Hapa kwetu ni 101. Ukitaka busti ya baa 1 (kilopaskali 100) Nairobi, kompresa inaikamua hewa mara 2.2. Malindi mara 2 tu zatosha, na hewa tunayoanza nayo ni nzito zaidi. Kwa hiyo turbo ambayo mwenzako wa Nairobi anaiona ndogo, hapa pwani inafanya kazi bila kuhema. Bahari imeshatupa sehemu ya ile nguvu bure, halafu sisi twakimbilia kununua chuma kikubwa!

Kinachotuadhibu sisi ni joto. Hewa ya kaskazi ya nyuzi 32 ikikamuliwa mara 2 inatoka kwenye kompresa ikiwa imepita nyuzi 120. Intakula ya Forester, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, imekaa juu ya injini, ikisubiri upepo kupitia lile tundu la boneti. Kwenye foleni ya Mtwapa upepo huo haupo, intakula inapashwa na injini iliyo chini yake, na unapopata nafasi ya kukanyaga injini inameza hewa ya moto. Injini hugonga hivyo, yaani petroli inajilipukia yenyewe ovyo ndani ya silinda. Isitoshe, gari hizi zilipangiwa petroli ya Japani yenye oktani (kipimo cha petroli kuhimili kugonga) karibu 100, na pampu zetu haziko hapo. Pistoni za EJ205 ni za kumiminwa kwenye kalibu, si za kufuliwa, hazivumilii kugongwa.

Ndiyo maana mimi nilichukua 16G, na pesa zilizobaki nikanunua intakula ya mbele na kumlipa mtu wa kupanga kompyuta ya injini upya. Leo gari inavuta tangu chini mpaka juu. Nikitoka Gede kuelekea Kilifi, ule mnyoofu wa msitu wa Arabuko-Sokoke, sindano ya busti haitikisiki. Wale walionicheka waje wapande. Nitawafungulia mlango wa nyuma.

Lakini vijana, mna nini? Mtu ananunua turbo hata pampu ya mafuta hajaifikiria. Anatoa boksi la filta anaweka filta ya koni iliyo wazi ili isikike "pshh", mchanga wetu huu unakwenda kula meno ya kompresa. Sifa za nani hizo? Jiulize kwanza gari yako inaenda wapi kila siku. Kama ni Watamu, sokoni na mara moja moja Mombasa, unahitaji nguvu ya mizunguko 3,000, hapo ndipo unapoishi. Nasema tena: pima safari zako kwanza, turbo baadaye.

Ukinunua iliyotumika, shika shafti kwa vidole. Ikicheza kidogo upande kwa upande, ya beringi za kawaida haina neno. Ikiingia na kutoka, mrudishie mwenyewe. Angalia meno ya kompresa kama yamelika. Halafu kagua boliti ya bomba la oili linalolisha turbo: kwenye Subaru nyingi imefichwa kichujio kidogo cha wavu, kikiziba turbo inakufa kwa kiu, hata iwe mpya. Siku ya kufunga, usiwashe mara moja. Tia oili kidogo kwenye tundu la turbo, kata umeme wa injekta, zungusha stata mpaka taa ya oili izime, ndipo uwashe.

Na wewe wa Watamu, acha kununa. Huyo mwenye 20G mwambie atafute mwenye injini ya lita 2.5.