Darubini ya kutazamia popo na ndege: usivutwe na namba kubwa

Anayenunua darubini huuliza kwanza inavuta mara ngapi, na muuzaji humjibu haraka: mara 20, mara 30! Mimi hutembea na darubini kila niendapo msitu wa Ngezi na kwa popo wa Kidike, huku Pemba, na swali langu la kwanza ni jingine: inaingiza mwanga kiasi gani?

Tazama namba zilizoandikwa juu yake. 8x42 maana yake inavuta mara 8, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42. Gawa 42 kwa 8, unapata kama 5. Huo ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaofika jichoni. Ile ndogo ya mfukoni, 10x25, inakupa 2.5 tu. Mchana mweupe hutaona tofauti kubwa, lakini popo wa Pemba wanaruka kwenda kula magharibi ikiingia, na chini ya miti mikubwa ya Ngezi hata asubuhi kuna kiza. Ninga, yule njiwa wa msituni, akitua juu ya tawi lenye kivuli, rangi yake ya kijani inapotea kabisa kwenye darubini dhaifu.

Tena, kinachovuta sana kinakuza na mtetemeko wa mkono. Mara 8 inatosha. Wa baharini achukue 7x50, maana chombo chenyewe kinayumba. Zile za kubadilisha mvuto kwa kuzungusha, ziache dukani.

Ukishanunua, kaa nayo barazani kwanza uirekebishe, kwani wengi huilaumu darubini nzima kumbe haijawekwa sawa na macho yao. Ikunje au ikunjue katikati mpaka duara mbili ziwe moja. Mwenye miwani ashushe vile vikombe vya machoni. Kisha chagua kitu kilichotulia mbali, kama kole la mnazi. Ziba kioo cha mbele cha kulia kwa kiganja, macho yote yakiwa wazi, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione wazi. Sasa ziba kushoto, na gurudumu usiliguse tena. Zungusha pete iliyo kwenye jicho la kulia mpaka kole lile lile liwe kali. Kumbuka pete imesimama wapi. Baada ya hapo ni gurudumu la katikati tu, isipokuwa umemwazima mtu.

Hewa yetu ya chumvi na unyevu huotesha ukungu ndani ya vioo. Nunua isiyoingia maji ukiweza, na uihifadhi na vile vipaketi vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Kioo usikifute kwa ncha ya kanga: puliza mchanga kwanza, kisha kitambaa laini.

Na wakati wa kutafuta mwezi mwandamo, subiri jua lizame lote ndipo uinue darubini. Kulitazama jua kwayo, hata kwa kupitisha tu, kunaweza kulipofua jicho, na mtoto aambiwe hivyo kabla hajakabidhiwa.