Ruzuku ya serikali, uhuru wa mzazi na usawa
Ndugu, umeuliza iwapo ushindani wa soko, ambapo fedha za serikali humfuata mtoto katika shule aliyochaguliwa na mzazi, unaweza kuleta usawa. Wazo hilo, ambalo mwanauchumi Mmarekani Milton Friedman alilitetea mwaka 1955, lilitekelezwa kitaifa nchini Chile kuanzia 1981, lakini shule binafsi zenye ruzuku ziliweza kuchuja wanafunzi na, tangu 1993, kuwatoza wazazi ada ya ziada, hivyo watoto wa maskini wakabaki kwa wingi katika shule za manispaa. Naona kasoro kubwa ilikuwa hapo, kwani uhuru wa kuchagua ulihamia kwa shule. Sheria ya mwaka 2015 iliamuru uchujaji na ada hizo viondolewe hatua kwa hatua. Ingepaswa kutangulia ruzuku yenyewe.