Usizifungie siku zako za likizo mpaka Disemba

Dada uliyeuliza, kwa kuwa ndiyo kwanza umeajiriwa kwenye taasisi ya serikali hapa Mombasa, kama uzilimbikize siku zako zote za likizo mpaka Disemba: usithubutu. Mie nilizilimbikiza, na nilizililia.

Sisi wa serikali tuna siku 30 za kazi kwa mwaka. Sheria ya Ajira ya 2007 yenyewe inadai 21 tu. Lakini huo mwaka wa likizo hauanzi Januari. Unaanza 1 Julai na kukatika 30 Juni, na za kuvuka nazo, tena kwa idhini, hazizidi nusu. Niliambiwa haya wiki ya kwanza kazini, yakaingia sikio hili yakatokea lile. Mwaka wangu wa tatu nikaziweka zote, nia yangu nimpeleke mama Lamu baada ya Idd. Idd ikaja, bosi akasema ngoja kidogo. Mei nikarudi na fomu. Akaicheka: "Juni hii, na hesabu zinafungwa?" Maana mwaka wa fedha nao unaisha 30 Juni hiyo hiyo, na mie nilikuwa manunuzi. Siku 15 zikavuka, 15 zikafa. Mama Lamu hakuiona mwaka ule.

Sasa Julai ikiingia tu, msimamizi ana tarehe zangu kwa maandishi, pamoja na jina la atakayeshika meza yangu. Jina hilo ndilo linalopitisha fomu, si sababu zako. Disemba kila mtu anaitaka, wenzetu wa bara wana safari za kwao, na kwetu wakongwe ndio huchagua kwanza. Mgeni utaachiwa makombo.

Mie kumi la mwisho la Ramadhani silikosi (mwezi hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hivyo usinakili tarehe za mwaka jana). Nyingine nazibandika kwenye sikukuu. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi, basi Pasaka ukiomba Jumanne hadi Ijumaa umetumia siku 4 na umekaa nyumbani 10. Tatu nne naweka akiba ya misiba na watoto kuugua, ila Aprili ikiisha nazimaliza.

Na fomu ikirudi na sahihi, ipige picha. Nakala za ofisini hupotea, hasa zile zinazoonyesha siku ulizobakiza.