Bei "zilizoshuka" bila kushuka: kwa mnaoanza kazi chumba cha habari

Wiki zangu za mwanzo redioni nilisoma hewani kwamba bei za bidhaa zimeshuka. Taarifa haijaisha, simu ikaita. Mama mmoja muuza vitumbua akaniuliza kwa upole unaochoma: "Mwanangu, mchele wewe unanunua wapi?"

Karatasi ya takwimu niliyotolea habari hiyo haikuwa na kosa. Ilisema mfumuko wa bei umepungua. Mimi ndiye niliyegeuza.

Mfumuko wa bei ni kasi, si bei. Chukua kilo ya mchele: mwaka wa kwanza shilingi 2,000, wa pili 2,200, wa tatu 2,310. Mfumuko umetoka asilimia 10 hadi 5, yaani umepungua nusu, na mchele bado umepanda. Mchumi anaangalia mwendo, kwa hiyo yuko sahihi. Mhariri naye anataka kichwa kifupi, basi "umepungua" inazaa "bei zashuka". Hakuna aliyekusudia kudanganya, ila msikilizaji kaenda sokoni na hela pungufu.

Halafu kuna kapu. NBS, yaani Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania, hupima bei kwa kapu la bidhaa na huduma: chakula, kodi ya nyumba, nauli, mavazi na vinginevyo, kila kimoja na uzito wake, yaani sehemu yake ndani ya kapu. Chakula na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa kama asilimia 28. Sasa fikiria kaya ambayo karibu kila inachopata kinaishia tumboni. Unga ukiruka bei, kapu la taifa linatikisika kidogo tu. Kwao mlo mmoja umefutwa. Mwanatakwimu atakupa wastani, mtu wa elimu jamii ataenda kukaa jikoni. Nenda kwa wote wawili.

Si uchumi peke yake. Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907, kwenye mafaili ya Wajerumani, ni uasi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walikwenda kuwahoji wazee vijijini, na pamba ya kulazimishwa ikasikika kwa sauti ya waliolimishwa. Unayemuuliza ndiye anayekuchagulia neno.

Kwa hiyo taarifa ikitua mezani, ruka muhtasari, fungua jedwali. Ukikuta "wastani", uliza wa nani. Usiogope kumpigia mwanatakwimu. Mimi sijakutana na aliyekataa kueleza, wengi hufurahi kuulizwa. Na usitoe habari ya bei isiyotaja bei ya kitu hata kimoja, kwa kilo au kwa lita.

Yule mama nilimpigia jioni ileile kumwomba radhi. Tangu hapo, kila takwimu za mwezi zikitoka, namsomea kwanza yeye. Mara ya mwisho alinikatiza katikati: "Mchele achana nao. Umeuliza mkaa?"