Ngumi ya karate ukienda nayo kwenye ndondi: nini ubaki nacho, nini uache

Mkuu, umeuliza kama ngumi ya mkono wa nyuma ya karate ina nguvu kuliko ya bondia, na kama ukihamia ndondi itabidi uanze upya. Mi nilianza Shotokan (mtindo mmoja wa karate) nikiwa dogo, baadaye nikaingia ndondi, na katikati hapo nikapiga mazoezi na watu wa muay thai (ndondi ya Thailand, yenye mateke na magoti pia), kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona na niliyoyala. Kwa nguvu tu hazipishani kivile. Zote zinaanzia unyayo wa nyuma, kiuno kinageuka, bega linafuata, ngumi yenyewe inafika mwisho. Kinachozitenganisha ni kile ambacho mpinzani anaruhusiwa kukurudishia.

Chukua gyaku-zuki, yaani hiyo ngumi ya mkono wa nyuma ya karate. Mkono mmoja unatoka, mwingine unavutwa mpaka kiunoni. Utaambiwa huo unaovutwa unaongeza nguvu, mi siamini sana, piga begi huku mkono wa pili uko shavuni alafu piga tena kwa kuuvuta uone utofauti wenyewe uko wapi. Maelezo yanayoniingia akilini ni ya walimu wanaosema mkono ule umekamata kitu, mkono wa mtu au nguo yake, unamvuta aje kwenye ngumi. Hapo sawa kabisa. Ila ukivaa glavu hukamati kitu, na kumshika mtu ni faulo, unabaki na mkono kiunoni na taya wazi, na bondia wa kawaida tu ngumi yake ya kuzungusha ndo inapita hapohapo.

Lakini usiidharau. Karate ya pointi inakufundisha kitu ambacho mabondia wengi hawana, kuvuka umbali mrefu kwa hatua moja ukafika na ngumi pamoja. Lyoto Machida alichukua mkanda wa UFC (ligi ya MMA, mapigano ya mitindo mchanganyiko) 2009 akiwa mtu wa Shotokan, anakaa mbali, anamsubiri mtu aje, anamkuta njiani na mkono wa nyuma umenyooka. Shida ya pointi ni kwamba refa anasimamisha baada ya ngumi kuingia, kwahiyo mwili unazoea kwamba kazi imeisha. Kwenye ndondi kazi ndo inaanza. Watu wa Kyokushin, mtindo mwingine wa karate, wao wana tatizo lingine, wanapigana kweli bila glavu na hawachoki, ila ngumi ya usoni hairuhusiwi kwenye mashindano yao, basi wanasimama kifua kwa kifua wanatwangana mbavu na vichwa havina mlinzi.

Muay thai ndo ilinifungua macho. Nilienda na mkao wangu wa ndondi, mguu wa mbele umegeuzwa kwa ndani, uzito umeulalia, najiona mjanja naingia na jabu (ngumi fupi ya mkono wa mbele), nikala teke la paja, nikaingia tena nikala lingine palepale. Mkao ule kwa bondia ni mzuri maana unaficha mwili na unairefusha jabu, ila mguu wenye uzito huwezi kuunyanyua ukinge teke, na ukiugeuza vile unampa nyama ya nyuma ya paja bure. Na kuinama kukwepa ngumi, ile tunayoisifia kwa mabondia, kule unainamia goti. Ndo maana wao wanasimama wima, uzito uko nyuma kidogo, ngumi zao zinaonekana ngumu ngumu bila mikunjo ya kiuno. Halafu majaji wao wanathamini teke la mbavu na goti kuliko ngumi, nani atajisumbua kupiga jabu nyingi hivo?

Wing chun, ile kung fu ya Kichina, sijaikalia sana, nimefanya tu mazoezi na jamaa mmoja anayeijua. Ngumi imesimama, kidole gumba juu, kiwiko kimebanwa katikati, zinatoka mfululizo. Uzito hazina, maana kiuno kimetulia, ila mkishagusana mikono zinafika haraka kuliko unavyodhani. Ukirudi nyuma hatua mbili zimeisha.

Kitu kingine watu wanakisahau ni glavu zenyewe. Glavu ya wakia 10 inakuruhusu kupiga paji la uso siku nzima, na pia unajificha nyuma yake. Za MMA ni wakia 4, ukijikunja nyuma yake ngumi zinapenya katikati, inabidi ukwepe kwa miguu. Mkono mtupu ndo kabisa, fuvu ni gumu kuliko mifupa ya kiganja, na inayovunjika sana ni ile ya upande wa kidole kidogo, hasa ukipiga ngumi ya kuzungusha ikatua vibaya. Sheria za ndondi za Queensberry za 1867 ndo zililazimisha glavu, na bado mwaka 1889 John L. Sullivan na Jake Kilrain walipigana mikono mitupu raundi 75 (raundi enzi hizo ilikuwa inaisha mtu akianguka). Ukipigana hivo lazima uchague pa kupiga.

Kwahiyo wewe: ile hatua ya kuingia na mstari ulionyooka baki navyo, mabondia wengi wa mazoezini hawajazoea mtu anayetokea mbali hivo. Mkono wa kiunoni acha leo, urudi shavuni kila unapopiga, na ngumi irudi njia ileile iliyotokea. Jabu utaisoma upya kabisa, maana kizami cha karate (ngumi ya mkono wa mbele) kinapiga kikaisha wakati jabu inapima umbali, inamziba macho, inamfanya arudi nyuma, alafu ndo mkono wa nyuma unafuata. Apakati (ngumi ya kutoka chini kwenda juu) na ngumi za mbavu za karibu hizo utaanza sifuri. Na mwambie kocha mapema kwamba umetoka karate ili aangalie kisigino chako cha nyuma, sisi tulizoea kukibandika chini na kwenye ndondi kinatakiwa kinyanyuke kigeuke, hapo ndo kiuno kinafunguka.