Mabilioni ya Wenyeji wa Kanada Ndiyo Ninayowatumieni

Baba Mdogo, shikamoo. Nawe Binamu, pamoja na ndugu wote wa kundi la ukoo, habari za Morogoro. Nimeitazama klipu aliyoituma Binamu, ya wabunge wa Kanada wakirushiana maneno kuhusu fedha za wenyeji wa asili na kuhusu wahalifu wanaoachiwa kwa dhamana, na nimeyasoma mliyoyaandika chini yake: kwamba wenyeji wa hapa wanamwagiwa mabilioni ya dola wakiwa wamelala, kwamba jela za hapa ni hoteli, na kwamba mimi niliyeko kwenye nchi ya namna hiyo sina sababu ya kuchelewesha fedha za bati la nyumba ya Bibi. Kwa kawaida hunyamaza, kwa kuwa mtu aliye mbali akijieleza huonekana anajitetea. Safari hii nitajibu, kwa sababu mmegusa mahali ninapopatia riziki.

Baridi na kodi ya nyumba mmeshavisikia vya kutosha. Ambalo sijalieleza ni kazi yenyewe. Niliwaambia kwamba ninafanya kazi na watoto, na Shangazi akatangaza kanisani kwamba ninafundisha Winnipeg kama nilivyokuwa nikifundisha huko. Sifundishi. Ninafanya zamu ya usiku katika nyumba ya malezi, yaani nyumba ya kawaida mtaani ambamo wanawekwa watoto waliochukuliwa na serikali kutoka kwa wazazi wao, na watoto wote niliowakuta humo ni wenyeji wa asili. Katika jimbo hili la Manitoba, takriban watoto 9 kati ya kila 10 walio chini ya ulezi wa serikali ni wenyeji. Kwa nchi nzima, sensa ya 2021 ilionyesha kwamba watoto wao ni asilimia 7.7 tu ya watoto wenye umri wa miaka 14 kushuka chini, lakini ni asilimia 53.8 ya wale wanaolelewa katika familia za malezi, kwa walezi wasio wazazi wao. Na zamu za usiku za nyumba kama hizi, mkipita mkagonga mlango, mara nyingi atakayewafungulia ni Mnigeria, Mkongo, Mkenya au mimi.

Visu vyote vya jikoni vimefungiwa kabatini na ufunguo ninao shingoni. Kila nusu saa ninaandika daftarini: amelala, ameamka, amekataa kula. Nikitemewa mate au nikitukanwa rangi yangu na mtoto wa rika la wanafunzi niliowaacha, ninatakiwa kulinakili tusi lile neno kwa neno kwenye fomu na kutia saini. Usiku mmoja mvulana wa miaka 11 aliyekosa usingizi aliniuliza ninalipwa kiasi gani kwa saa. Nilipomtajia, akahesabu kwa vidole malipo ya usiku mzima, akajumlisha na ya wenzangu wa zamu nyingine, kisha akataka kujua kwa nini hela hizo hakupewa mama yake akodi nyumba. Nilimwambia arudi kulala.

Binamu, hesabu ya mtoto yule ndiyo mjadala wa bunge ulioutuma, ila yeye aliufanya kwa akili zaidi. Kipindi cha maswali bungeni huko Ottawa, mji mkuu, huchukua dakika 45, na kila swali, kama lilivyo kila jibu, hupewa sekunde 35. Katika sekunde hizo mbunge wa upinzani atauliza mabilioni yamekwenda wapi, waziri atataja mabilioni mengine, na wewe uliyeko Morogoro utabaki na picha ya mwenyeji anayechota fedha kwa ndoo. Swali lenyewe ni halali. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilichunguza mwaka 2022 matumizi ya wizara mbili zinazoshughulikia wenyeji, ikaona kwamba fedha zimeongezeka sana lakini uwezo wa wizara hizo kufikia malengo yake haukuongezeka kwa kiwango hicho. Kosa ni kudhani kwamba kama hazikuleta matokeo, basi wamezila wenyeji. Kabla dola haijamfikia yule mvulana, imeshalipa pango la nyumba, mishahara ya zamu 3, msimamizi, msimamizi wa msimamizi, gari la kumpeleka mahakamani na mwanasheria. Kipande cha dola hiyo kililipa ada ya mtoto wako wa kwanza, Binamu, na kingine ndicho hicho mnachokidai kwa ajili ya bati.

Mabilioni mengine mnayoyasikia ni fidia. Mwaka 2007 chama cha kutetea watoto kinachoongozwa na Cindy Blackstock, pamoja na Baraza la Mataifa ya Kwanza, chombo cha kuwakilisha jamii za wenyeji, waliishtaki serikali kuu kwa kuwapa watoto wa maeneo yaliyotengewa wenyeji fedha pungufu za ustawi kuliko watoto wengine. Mwaka 2016 Baraza la Haki za Binadamu la Kanada, linaloamua kesi za ubaguzi, liliamua kwamba huo ni ubaguzi, na baada ya miaka mingine ya kuvutana, mahakama iliidhinisha Oktoba 2023 fidia ya dola bilioni 23.34. Mtu aliyepunjwa akilipwa deni lake, sisi tunasema amemwagiwa! Manitoba nayo ilichukua kwa miaka mingi posho ambazo serikali kuu ilikuwa ikizitoa kwa ajili ya watoto walio chini ya ulezi, ikaziingiza kwenye mfuko wake, na mwaka 2024 ilikubali kulipa dola milioni 530 ili kuimaliza kesi.

Nitawaeleza habari ya mtoto mmoja tu. Jordan River Anderson alizaliwa mwaka 1999 akiwa na maradhi mazito, na familia yake ilikuwa ya jamii ya Norway House Cree, kaskazini mwa jimbo hili. Alipofikisha miaka 2 madaktari walisema anaweza kutoka hospitalini Winnipeg akalelewe katika nyumba yenye uangalizi maalumu. Angekuwa mtoto wa Kizungu, jimbo lingelipa. Kwa kuwa ni mwenyeji, jimbo lilisema ni wajibu wa serikali kuu, serikali kuu ikasema ni wajibu wa jimbo, na kila gharama ikawa ya kubishaniwa. Walibishana zaidi ya miaka 2. Jordan alifariki mwaka 2005 akiwa na miaka 5, hajawahi kulala nyumbani hata usiku mmoja. Desemba 2007 wabunge wote, bila hata mmoja kupinga, walipitisha hoja kwamba mtoto ahudumiwe kwanza, bili ijadiliwe baadaye. Miaka 8 hivi baadaye uamuzi ule wa 2016 ulilazimika kuiamuru serikali hiyo hiyo iache kuibana hoja hiyo na kuitekeleza kikamilifu.

Baba Mdogo, uliandika kuhusu hoteli. Ni kweli, Manitoba iliwahi kuwaweka watoto hotelini, pale nyumba za malezi zilipokosekana. Tina Fontaine, msichana wa miaka 15, alikuwa chini ya ulezi wa serikali na amewekwa hotelini alipopotea Agosti 2014. Alipatikana amekufa ndani ya Mto Red, unaopita katikati ya mji huu. Jela si hoteli. Wenyeji ni asilimia 5 hivi ya watu wa Kanada, lakini katika magereza ya serikali kuu, wanakopelekwa waliohukumiwa miaka 2 au zaidi, ni karibu theluthi moja ya wafungwa, na upande wa wanawake ni karibu nusu. Nimeiona njia ya kufika huko inavyoanzia. Mtoto wa Shangazi akivunja mlango kwa hasira, anachapwa au anasemwa, yamekwisha. Mtoto wa nyumba yetu akivunja mlango, utaratibu unanitaka niite polisi, na jina langu ndilo linaloandikwa kwenye taarifa kama shahidi. Nimeshaandikwa hivyo.

Mwaka 2022 bunge lilifuta baadhi ya adhabu za chini za lazima, yaani vifungo ambavyo hakimu haruhusiwi kuvipunguza, kwa hoja kwamba zinawajaza gerezani wenyeji na watu weusi, nanyi mkumbuke kwamba watu weusi ni pamoja na mimi. Upinzani hujibu kwamba wahalifu wanadekezwa, na sitawadanganya kwamba hawana hoja yoyote: Septemba mwaka huo huo, katika jimbo jirani la Saskatchewan, mtu aliyeachiwa kabla ya kumaliza kifungo chake, kisha akawatoroka waliopaswa kumwangalia, aliua watu 11 katika jamii ya James Smith Cree na kijiji cha Weldon. Wengi wa waliouawa walikuwa wenyeji. Wanaotaka ulinzi mkali zaidi wamo pia miongoni mwa wenyeji wenyewe, jambo ambalo sekunde 35 hazilibebi.

Linaloniudhi zaidi ni kuwasikia Waafrika wenzangu hapa, tukikutana kwenye harusi na misiba, wakisema wenyeji ni walevi na wavivu, maneno yale yale ambayo mkoloni alitusema sisi. Wewe Baba Mdogo ulisoma shule ya bweni na hadi leo unajivunia. Wenyeji hawa, zaidi ya watoto wao 150,000 walipelekwa bweni kwa lazima, wakakatazwa lugha zao, na wengine hawakurudi. Waziri Mkuu Stephen Harper aliomba radhi bungeni tarehe 11 Juni 2008. Mama wa watoto ninaowalinda ni wajukuu wa watoto hao.

Sasa Binamu, kuhusu swali lako la kuja. Usije. Una duka, una mke, na huko hakuna anayekutemea mate ukaandika fomu. Lakini kama umeshaamua, usiuze kiwanja kumpa wakala. Maombi mengi unaweza kuyajaza mwenyewe mtandaoni, nami nitayapitia mstari kwa mstari. Ukifika usikimbilie kazi kama yangu, jifunze kuendesha malori au ufundi umeme. Wakati huo huo sitakuficha kwamba kazi kama yangu ndiyo inayopatikana upesi, na kampuni yetu inaajiri hivi sasa, kwa sababu watu hawadumu. Watoto wanahitaji mtu asiyeondoka, na wewe una subira kuliko mimi. Basi anza na cheti cha polisi cha kuonyesha huna rekodi ya makosa, kwa maana hapa utachunguzwa pia kwenye rejista ya waliodhulumu watoto kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Fedha za bati nitazituma tarehe 15, mshahara ukiingia.